Naomba ushauri: mbegu ya mtindi inaharibika kwenye joto la Tanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada kwa wanaogandisha mtindi nyumbani, hasa wa huku pwani.

Mama yuko kwenye dozi ya amoksilini (antibiotiki, dawa ya kuua bakteria) na tumbo linamwendesha, kwa hiyo nataka mtindi wenye bakteria hai. Ule unaopashwa moto baada ya kugandishwa hausaidii, bakteria wanakuwa wameshakufa.

Nachemsha maziwa, nayapoza hadi nyuzi 43, nakoroga vijiko 2 vikubwa vya yogati isiyo na sukari kwa kila lita, nafunika na kuviringisha blanketi kwa saa 6 hadi 8. Wa kwanza hutoka mzito, safi kabisa. Shida ni nikiutumia huo kuwa mbegu: baada ya mizunguko michache maji ya kijani-njano yanajitenga juu, mabonge yanabaki chini, wakati mwingine na vipovu na harufu ya hamira. Wenye vipovu namwaga, simpi mgonjwa. Nimechemsha vyombo, nimepunguza muda wa kufunika. Hali ni ileile. Umeme nao hukatika, friji inapata joto.

Naomba kujua:

Mbegu mnaitunzaje ibaki na nguvu? Kuigandisha kwenye vitrei vya barafu kunafaa, au bora kununua mpya kila mara?

Pili, kwa wauguzi na wafamasia: nikimpa mtindi saa 2 baada ya kidonge, nafasi hiyo inatosha? Dozi ataimaliza, na akiona damu au homa tunarudi hospitali moja kwa moja.

Natanguliza shukrani.