Binti anahamia Los Angeles, kapanga kwa mama wa Kikorea. Ajiandae vipi?

Mwanga_Sokoni (Kigoma Mjini)
Wakuu, heshima yenu. Binti wa kaka yangu anakwenda kusoma chuo Los Angeles mwezi wa nane. Chumba kapata mtaa wa Koreatown, kwa mama mmoja wa Kikorea aliyehamia huko miaka mingi. Huyo mama kamwandikia ujumbe mrefu wa mambo yanayomshangaza mpaka leo katika mji ule. Anasema bei iliyoandikwa siyo unayolipa. Mhudumu wa hotelini analipwa na mteja. Mtu anakuuliza hali huku anakupita. Mzee wa miaka 70 anaitwa jina lake kavu na kijana wa 20. Watu wanaingia sebuleni na viatu vya barabarani. Na hata uwe na hela zako mkononi, kama hujawahi kukopa unaonekana huaminiki.

Maswali yangu: upande wa hela ahesabu vipi? Kodi atalipa ya miezi mingapi, maana huku tumezoea sita au mwaka? Na akianza kukaanga dagaa ndani ya nyumba ya watu, itakuwaje? Naomba majibu yenye vipimo, siyo "atazoea tu".

Bangwe_Juu
Mkuu, huyo mama kasema kweli tupu, na ukimsoma vizuri anachoshangaa yeye ndicho atakachoshangaa binti. Korea bei ya dukani inakuwa na kodi ndani tayari, kama VAT yetu, na hakuna desturi ya kumwachia mhudumu chochote. California kodi ya mauzo inaongezwa unapofika kaunta. Ya jimbo ni asilimia 7.25, na miji inaongeza yake; Los Angeles hesabu karibu asilimia 10. Vyakula vya kwenda kupika nyumbani, kama mchele, mboga na samaki, havitozwi. Chakula cha moto kilichopikwa kinatozwa.

Mfano: kala mgahawani chakula cha dola 20. Kodi dola 2. Bakshishi ya asilimia 18, ambayo huhesabiwa kwenye ile 20 kabla ya kodi, ni dola 3.60. Anatoka na dola 25.60. Risiti aisome kwanza, kwa sababu migahawa mingine, hasa wakiwa kundi, inakuwa imeshaongeza ada ya huduma. Asipoangalia atalipa bakshishi mara mbili. Akiwa amesimama kaunta kununua chai tu, kile kioo kitamuuliza asilimia ngapi. Hapo kubonyeza sifuri si dhambi.

Kodi ya chumba ni ya mwezi kwa mwezi. Juu yake kuna dhamana. Tangu Julai 1, 2024 sheria ya California imeweka ukomo wa dhamana kuwa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba mdogo, mwenye majengo yasiyozidi mawili na makazi ya kupangisha yasiyozidi manne kwa jumla, anaruhusiwa miwili. Tuseme chumba ni dola 900: siku ya kuingia aandae 1,800, au 2,700 mama akitumia haki yake yote. Akihama, dhamana irudi ndani ya siku 21, na kama kimekatwa kitu apewe orodha ya kilichokatwa na kwa nini. Kwa hiyo siku ya kwanza apige picha kila doa, kila mkwaruzo, ndani ya kabati pia, na amtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu za wote wawili.

Kwao Korea kuna mpango unaoitwa jeonse: mpangaji anakabidhi fungu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, anakaa miaka miwili bila kulipa kodi ya mwezi, kisha anarudishiwa lote. Mtu aliyezoea hivyo kodi ya kila mwezi anaiona hela inayopotea. 

Onyo moja: hela isitumwe kabla ya kuona chumba kwa simu ya video, mama mwenyewe akiwemo, na mkataba wenye anwani. Anayedai alipwe kwa kadi za zawadi ni tapeli, hata awe mpole vipi.

Kibirizi_Mwaloni
Hofu ya dagaa iondoe. Wakorea nao ni watu wa dagaa, wa kwao wanaitwa myeolchi. Ni samaki wadogo wa baharini, wanauzwa kwa ukubwa: wakubwa wa kutengenezea supu, wadogo kama njiti wa kukaangwa na sosi ya soya na sukari. Supamaketi za Kikorea kama H Mart anawakuta wamefungwa kwenye mifuko. Tofauti iko kwenye chumvi. Wale huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Wetu huanikwa wabichi. Akiwapika kwa mkono wa nyumbani, mchuzi hauliki.

Kwa watu wawili achukue gramu 100. Wale wakubwa awatoe kichwa na kile kitumbo cheusi, ndicho chenye uchungu. Aloweke kwenye maji vuguvugu dakika 10, amwage, asuuze mara moja tena, awakaushe kwa karatasi ya jikoni. Wakiingia na maji kwenye mafuta watamrukia usoni na watalegea. Mafuta vijiko vinne, moto wa kati, dakika tatu mpaka wanapata mlio mkavu ukiwageuza. Atoe, akaange kitunguu kimoja na nyanya mbili, arudishe dagaa mwishoni. Chumvi asiguse mpaka aonje. Mara nyingi haitahitajika.

Kinacholeta ugomvi ni king'ora cha moshi. Kinakaa darini na hakitofautishi dagaa na moto wa nyumba. Awashe feni ya juu ya jiko kabla ya kuweka kikaango na afungue dirisha. Kikilia, abonyeze kitufe cha kukinyamazisha na apepee kwa taulo, asitoe betri. Kikilia kidogo kidogo, mlio mmoja kila baada ya muda mfupi, hapo betri ndiyo imechoka, ibadilishwe. Wakorea wengi wana jiko dogo la gesi ya kopo la kupikia vyenye harufu nje. Atakapolitumia liwe nje kweli, maana ndani ya chumba kilichofungwa moshi wake usioonekana unaua.

Nyumba nyingi za Kikorea zina friji la pili la kimchi (mboga zao za kuchachushwa) peke yake, lenye baridi ya karibu nyuzi sifuri. Hilo asiweke kitu chake na asiliache wazi.

Ugali: Koreatown licha ya jina lake imejaa watu wa asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na unga wa mahindi upo tele. Ila unaoandikwa masa ni wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Ukisonga ugali wake unanukia chokaa na haushiki kama wetu. Atafute unga mweupe wa mahindi usiotiwa chokaa, asome mgongo wa mfuko.

Akitaka kubeba vya nyumbani, anunue dagaa wa chanja, siyo walioanikwa mchangani, na awaandike kwenye tamko la forodha. Nyama kavu aache. Mawese afunge mara tatu: kifuniko kikilegea, nguo zote zinageuka rangi moja.

Nyuki_wa_Tabora
Kwa adabu binti yenu ataanza na mtaji. Mkorea mzee haitwi jina. Mama mwenye mtoto huitwa mama wa mtoto wake, kama kwetu Mama Juma. Kitu kwa mkubwa kinatolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Mezani mkubwa ndiye anayeanza. Viatu mlangoni. Wali unaliwa kwa kijiko na bakuli halinyanyuliwi, kwa hiyo kula kwa mkono abakishie siku akiwa peke yake. Vijiti visisimikwe wima kwenye wali, ni ishara ya msiba, na jina la mtu aliye hai lisiandikwe kwa wino mwekundu. Siku ya kwanza amuulize mama anapenda kuitwaje. Halafu akifika chuoni profesa atamwambia amwite jina lake la kwanza, amwite tu. Ile "hujambo" ya kupita inajibiwa neno moja. Aliyelelewa na salamu za Kiha za kupiga makofi na kuulizia mpaka ng'ombe, hapo ndipo ataona upweke, na mama kaligusa hilo kuliko anavyodhani.

Kuhusu kukopa: Wakorea wana gye, ambayo ni upatu wetu ule ule. Kundi linachanga kila mwezi, mmoja anabeba. Wahamiaji wengi waliofika baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 walifungulia maduka kwa njia hiyo, maana benki haziwajui. Ubaya wake ni ule ule: aliyebeba mapema akitoweka, hakuna wa kumshitakia kirahisi. Na upatu haujengi alama ya ukopaji, yaani namba ya kuonyesha unaaminika kiasi gani kukopeshwa, inayotoka 300 hadi 850. Hiyo inajengwa na kadi ya mkopo ya dhamana: anaweka dola 200, anapewa ukomo wa 200, anatumia chini ya 60 kwa mwezi na kulipa yote kabla ya tarehe. Baada ya miezi sita hivi alama huanza kuonekana. Akichelewa zaidi ya siku 30, doa linakaa miaka saba.

Jambo moja asilichokonoe mezani: Aprili 29, 1992. Ghasia zilizoanza siku hiyo ziliharibu maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea mjini humo. Mama akitaka kusimulia, asikilize.

(Na nywele za kusukia atazinunua kwa Wakorea. Biashara hiyo Marekani wameishika wao.)

Mwanga_Sokoni
Nimewaelewa wakuu, nimemtumia yote. Anauliza vifaa vya umeme: ana birika, pasi na mashine ya kunyolea. Na tupigiane simu saa ngapi?

Bangwe_Juu
Birika na pasi abaki navyo mdogo wake. Kule umeme ni volti 120, wetu 230. Birika letu kule litatoa robo tu ya nguvu yake, maji yatachemka kwa taabu. Wakorea nao wanaumia hapo, kwao ni volti 220, na wanaobeba sufuria zao za umeme za wali wanalazimika kununua transfoma nzito kuliko sufuria yenyewe. Chaja ya simu asome maandishi madogo: ikiwa 100–240 anahitaji kichwa cha plagi tu. Mashine ya kunyolea isipoandikwa hivyo, aiache.

Simu: saa 2 usiku ya Kigoma kwake ni saa 4 asubuhi. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zao zinarudishwa nyuma, itakuwa saa 3 asubuhi, hadi Jumapili ya pili ya Machi.