Majirani wa Ilazo: ua la Usambara la Mama Neema

Jumamosi, 14 Juni

Mama Neema (saa 1:20 asubuhi): Mbukwenyi majirani, na poleni kwa baridi na upepo wa usiku wa kuamkia leo. Naomba ushauri kabla sijalitupa jalalani ua ambalo wifi yangu aliniletea kutoka Lushoto wakati wa Pasaka. Ni lile ua fupi lenye majani ya manyoyamanyoya, lenye maua ya zambarau na kitovu cha njano. Lilipofika lilikuwa na maua tisa, lakini leo halina hata moja, majani ya pembeni yamelala kama nguo iliyoloweshwa, na mengine yametokwa na madoa ya rangi ya maziwa. Ninalimwagilia kila asubuhi bila kukosa, kwa kuwa najua hewa ya Dodoma ilivyo kavu. Picha nimeiweka hapo juu.

Baba Elia (saa 1:31): Mbukwa, Mama Neema. Kwa macho yangu lina kiu. Mji huu hukausha blanketi kabla ya saa sita mchana, sembuse jani laini kama hilo. Limwagilie asubuhi na jioni, kisha ulitoe nje lipate jua la kutosha. Mchicha wangu naufanyia hivyo hivyo na haujanilalamikia hata siku moja.

Bi Zaina (saa 1:44): Baba Elia, mchicha na ua hilo ni watu wa koo mbili zisizooana. Mimi nimezaliwa Usambara, na huko kwetu hulikuti shambani wala kwenye uwanda wa jua. Hukaa juu ya mwamba, karibu na kijito, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mizizi yake ikiwa imeng'ang'ania udongo kidogo uliojikusanya katika ufa wa jiwe. Tulipokuwa watoto tulilipita kila siku tukienda kuchota maji na hakuna aliyegeuza shingo kulitazama, ndiyo maana nilishangaa nilipokuja kulikuta Dar es Salaam likiuzwa ndani ya kikopo kwa bei ya jogoo.

Mama Neema (saa 1:50): Mwalimu Chilongani, shikamoo. Najua unasoma kimyakimya. Tafadhali tusaidie.

Mwalimu Chilongani (saa 2:05): Marahaba, Mama Neema. Nilikuwa namalizia chai. Kabla sijasema lolote, naomba uingize kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza, kisha unieleze hali yake. Nieleze pia chungu kina ukubwa gani, maji unayachota wapi na unayatumia saa ngapi, na kama ukingoni mwa chungu kuna kitu cheupe kama chumvi.

Mama Neema (saa 2:17): Udongo umelowa tepetepe. Ua lilikuja katika kikopo kidogo sana, nikalionea huruma, nikalihamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo, nikachanganya udongo wa bustanini na samadi ya mbuzi. Maji ni ya bomba. Huwa nayakinga kwenye ndoo jioni, yanalala nje, na saa 12:00 alfajiri nalimwagia juu kama ninavyofanya kwa mboga. Ukingoni kuna utando mweupe kweli, na baadhi ya vikonyo vya majani vilivyoulalia vimegeuka rangi ya kahawia. Nilidhani ni chokaa ya chungu chenyewe.

Mwalimu Chilongani (saa 2:48): Ahsante kwa kujibu kwa makini, kwa sababu katika maelezo yako kila tatizo limejitaja lenyewe.

La kwanza ni madoa. Majani ya ua hili hayavumilii maji yaliyo baridi kuliko yenyewe. Usiku wa Juni hapa kwetu hushuka hadi kiasi cha nyuzi 14 za Selsiasi, na maji yaliyolala nje huwa na ubaridi unaokaribia huo, ilhali jani lililolala sebuleni lina joto lake. Tone la baridi linapoliangukia, chembe hai zilizo chini ya ngozi ya jani hufa na kuacha alama nyeupe au ya manjano. Alama hizo hazifutiki tena, kwa hiyo usihangaike kuzitibu; yatumie tu maji yaliyokaa ndani hadi yakalingana na joto la chumba, na usiyapitishe juu ya majani.

La pili ni utando huo mweupe. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, nayo ni maji yaliyobeba madini; kila mwenye birika anayajua magaga yake. Maji yanapopanda kupitia kuta za chungu cha udongo na kukauka, madini hubaki ukingoni, na kikonyo kinachoegemea hapo huungua. Kwa sababu hiyo mimi hupanda ua hili katika kikopo cha plastiki, ingawa chungu cha udongo kinapendeza zaidi machoni.

La tatu, ambalo ndilo linaloliua, ni maji mengi ndani ya chungu kikubwa.

Baba Elia (saa 2:55): Mwalimu, kwa heshima zote, hapo nimeachwa njiani. Jani limenyauka, nawe unasema maji yamezidi. Kitu kilichoshiba maji kinanyaukaje?

Mwalimu Chilongani (saa 3:10): Ni swali la haki, Baba Elia, na katika miaka yangu yote ya kufundisha baiolojia wanafunzi walikwama hapo hapo. Mizizi nayo hupumua. Udongo mzito wa bustanini ukijaa maji, nafasi ndogondogo zilizokuwa na hewa huzibwa, mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji hata ukiwa umezama ndani yake. Jani basi linakauka kwa kiu wakati miguu imo bwawani. Mwenye nyumba huliona limenyauka, anaongeza maji, na ndivyo anavyomalizia kulizika.

Chungu kikubwa huongeza hatari, kwa kuwa mizizi ya ua hili ni myembamba na michache, haiwezi kunywa maji yote yanayokaa katika udongo mwingi hivyo. Kipimo ninachokitumia ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa majani, ukipima kutoka ncha ya jani la upande huu hadi ncha ya jani la upande wa pili. Ua lenye upana wa sentimita 27 linatosheka na kikopo cha sentimita 9. Mama Neema, kikopo ulichokionea huruma ndicho kilichokuwa kikilifaa.

Mama Neema (saa 3:14): Mwalimu, umenifanya nicheke na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Mwalimu Chilongani (saa 3:16): Sasa ling'oe taratibu, utazame shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi. Kama ni ngumu, tutalipanda upya. Kama imekuwa laini na ya kahawia, tutaokoa majani tu.

Mama Neema (saa 3:40): Shingo imeachia mikononi mwangu kama ndizi iliyopitiliza. Mizizi imebaki kwenye udongo.

Bi Zaina (saa 3:42): Pole sana, mdogo wangu. Lakini ua hili halifi kirahisi hivyo maadamu jani moja lipo.

Mwalimu Chilongani (saa 4:05): Bi Zaina amesema kweli. Chagua majani matatu ya mzunguko wa katikati, yasiyo na madoa. Ya nje yamezeeka na ya kiini ni machanga mno. Yakate kwa wembe safi, ukiacha kikonyo cha sentimita 3 hivi, na mkato uwe wa mshazari. Tengeneza udongo mwepesi kwa kuchanganya mboji iliyoiva na kuchekechwa, mchanga wa mtoni uliooshwa na nyuzi za makumbi ya nazi. Asiyepata makumbi atumie pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi. Samadi iache kabisa kwa sasa. Chomeka kikonyo kiasi cha sentimita moja na nusu, lowesha kidogo, kisha kifunike kikopo kizima kwa mfuko angavu wa plastiki ili jani lipate unyevu ambao hewa yetu haina. Weka mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, na vuguvugu kidogo. Mimi hutumia juu ya friji.

Mama Happy (saa 4:20): Samahani kwa kuingilia. Nina ua kama hilo kwa mwaka wa tatu sasa, na dirisha lililolifaa ni la mashariki lenye pazia jepesi, ambapo jua la asubuhi huingia likiwa pole. Nilikuwa nimesoma kwamba dirisha la kaskazini ndilo lenye kivuli, nikalipeleka huko mwezi wa Juni, majani yakapauka ndani ya wiki mbili.

Mwalimu Chilongani (saa 4:27): Ulisoma maandishi ya watu wa Ulaya, Mama Happy. Kwao jua hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwezi huu wa Juni jua limeegemea kaskazini, kwa hiyo dirisha wanalolisifu wao ndilo linalopigwa kwetu. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka.

Mama Neema (saa 4:33): Na maji nitatumia yapi? Nikiyachemsha chumvi itatoka?

Mama Happy (saa 4:41): Ukichemsha, chokaa kiasi hubaki kwenye birika, lakini chumvi nyingine hubaki ndani ya maji, tena huzidi kukolea kadiri yanavyopungua. Mimi hukinga maji ya mvua tangu Desemba hadi Aprili na kuyahifadhi katika madumu yaliyofunikwa, nayatumia kwa maua ya ndani peke yake. Ua moja linakunywa kikombe kidogo tu kwa wiki, kwa hiyo dumu mbili hunifikisha mvua nyingine. Njoo na chupa, nikugawie.

Frank (saa 4:50): Shikamooni wakubwa. Mimi kesho kutwa napeleka mzigo Muheza. Kwa nini tuhangaike na majani matatu? Napita Amani, nang'oa mashina kumi msituni, kila nyumba inapata.

Bi Zaina (saa 4:53): Frank, usithubutu. Msitu ule umehifadhiwa, na maua hayo hayaoti kila mahali. Aina nyingine zimebaki kwenye miamba michache tu, kwa kuwa miti iliyozikinga imekatwa. Ukibandua shina kumi kwenye jabali moja unaweza kuwa umelimaliza jabali zima. Na hata ukiyaleta, hewa hii itayaua kabla hujafika stendi. Ya kununua kwa wauza miche yamekwisha kuzoea maisha ya ndani ya nyumba.

Mwalimu Chilongani (saa 5:15): Niongeze neno moja la historia, kwa kuwa Frank ataliona la kushangaza. Mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyempelekea baba yake ua hili Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika rasmi mwaka 1893 na kulipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenye miamba hawakutajwa. Leo linapandwa katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya aina, na Wajerumani hadi sasa huliita urujuani wa Usambara, ijapokuwa kwa ukoo wala si urujuani.

Frank (saa 5:19): Nimeelewa, Mwalimu. Nitaleta machungwa.

Jumapili, 15 Juni

Mama Neema (saa 10:30 jioni): Majani matatu yamo kwenye vikopo vya mtindi, nimetoboa chini, nimevifunika, vipo juu ya friji. Neema ameandika majina yetu kwenye karatasi na kuyabandika.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama Neema (saa 2:10 asubuhi): Majirani, tazameni picha. Jani moja lilioza mwezi wa Julai, lakini mawili yaliyobaki yametoa vijani vidogo kama masikio ya panya, vinne upande huu na sita upande wa pili. Niliogopa kufungua mfuko, ila Neema alinishinda.

Mwalimu Chilongani (saa 2:25): Hongera sana. Wiki kumi kwa msimu wa baridi si mbaya. Usivitenganishe bado, ngoja viwe na upana wa sarafu kubwa. Mfuko ufungue kidogo kidogo, saa moja leo, saa mbili kesho, hadi vizoee. Ukifika wakati wa kuvihamisha, pitisha utambi wa uzi wa nailoni katika tundu la kila kikopo, ncha ya chini izame katika kopo la maji ya mvua. Udongo mwepesi utajinywea wenyewe, na hutalazimika kubahatisha. Mara moja kwa mwezi mimina maji mengi juu ya udongo yatoke chini na kumwagika, ili madini yasijikusanye.

Bi Zaina (saa 2:31): Oktoba joto litakapopanda, viweke juu ya sinia la kokoto zenye maji, vikopo visiguse maji yenyewe. Majani usiyanyunyizie, vumbi letu jekundu lipanguse kwa brashi laini kavu.

Baba Elia (saa 2:40): Mama Neema, nami nimefundishika. Naomba kimoja, nitakilea kwa maelekezo yote ya Mwalimu.

Mama Neema (saa 2:44): Utapata, Baba Elia, jina lako lilishaandikwa tangu Juni. Lakini ukija na kikombe chenye tundu chini utaondoka na ua, na ukija na beseni utarudi na beseni lako.