Nifanyeje niwe kocha wa walimu wangu, nisiwe mkaguzi tu? (Lubumbashi)

DirektaKatuba
Jambo wote. Shule ya msingi, Katuba, walimu 14, darasa la 3 watoto 68. Nikiingia darasani, mwalimu anainua watoto hodari tu. Baadaye namwambia makosa, anajibu "Ndiyo, Mama Direkta", na juma lifuatalo ni yaleyale. Nataka kujifunza ukocha. Nianze wapi?

ChakiNyeupe
Mama Direkta, wewe ndiye unayempa alama za mwisho wa mwaka, basi ukiingia na daftari anaona alama tu. Nunua daftari la pili, la ukocha, likae kwa mwalimu mwenyewe. Yaliyo humo yasiingie kwenye faili lake. Ukiyatumia kumwadhibu hata mara moja, wenzake 13 watajua kabla ya mapumziko, na hakuna atakayekufungukia tena.

Anza na walimu 3 waliokubali wenyewe. Dakika 5 kabla ya somo, muulize: "Unataka nikuangalilie nini?" Kisha dakika 15 darasani. Kaa nyuma, chora madawati, weka kistari kwa kila mtoto aliyejibu. Mara nyingi vistari vinajaa mbele, huku nyuma hakuna kitu. Usimweleze. Mpe mchoro, nyamaza, ausome mwenyewe.

Mazungumzo yawe siku ileile, dakika 20, darasani kwake, mmeketi upande mmoja wa meza. "Ulitaka watoto waweze nini? Unaona nini hapa? Utajaribu nini?" Epuka "kwa nini hukufanya...", maana inamfanya ajitetee. Mwisho achague jambo MOJA, dogo, linaloonekana kwa macho. "Nitashirikisha watoto zaidi" halipimiki. "Kila swali la tatu litaenda safu za nyuma" linapimika. Ajaribu jambo hilo hapohapo ubaoni, wewe ukiwa mwanafunzi. Rudi baada ya siku 7 hadi 10. Usiporudi, ahadi inakufa.

Jumla ni dakika 40 kwa mwalimu, saa 2 kwa watatu. Ukiwachukua wote 14 utahitaji zaidi ya saa 9 kwa juma, na huna.

SautiYaDarasa
Nyongeza: hesabu ukimya. Mtafiti Mary Budd Rowe, Marekani, miaka ya 1970, aliona walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifikisha 3, majibu yanarefuka na watoto wengi zaidi wanajibu. Hili ni zuri kuanza nalo, halihitaji hata chaki. Nawe subiri vivyo hivyo unapomuuliza mwalimu! Direkta wengi wanauliza, kisha wanajijibu wenyewe.

Msimu huu wa mvua ingia asubuhi. Mvua ikipiga mabati hutasikia jibu la mtoto yeyote.

FishiNaUbao
Nakubali, ila maswali si dawa ya kila kitu. Mwalimu akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, hapo huulizi "unaona nini?" Hajui, na maswali yatamwaibisha tu. Watoto wakishatoka, kata karatasi mbili sawa katika sehemu sita, mwonyeshe 3/6 na 2/6, ajionee 5/6, na kesho asahihishe darasani yeye mwenyewe. Mwalimu mpya pia anahitaji kuonyeshwa kwanza: fundisha wewe dakika 10, yeye ahesabu vistari.

DirektaKatuba
Asanteni sana. Na yule mwalimu mzee wa darasa la 6, tunayemwita Papa, aliyenitangulia kazini miaka mingi? Nitamkochi vipi bila kumvunjia heshima?

ChakiNyeupe
Usianze na somo lake. Mwombe, "Papa, njoo darasani ninapofundisha, unihesabie sekunde ninazosubiri baada ya swali." Mpe daftari na saa. Mkimaliza, mjadili sekunde zako, si zake. Akishaona daftari halina alama, mwache yeye aseme siku ya kuingia kwake.