Pampu ya mafuta ya Land Rover Series III: ripea kiti, kopi ya dukani, mtumba au ya umeme?

Kibosho109 (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Nina Land Rover Series III, 109, ya petroli, ile injini ya silinda nne ya 2,286 cc. Ilikuwa ya marehemu baba, na mpaka leo inafanya kazi: majani ya ng'ombe, mbolea, ndizi siku ya soko.

Wiki mbili zilizopita napandisha Kibosho na mzigo, ikaanza kukosa nguvu, ikawa inajikwaa kwenye kila kona, mwisho ikazima. Nilivuta kijiti cha oili kwa mazoea tu. Oili imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka petroli. Ukiisugua kwa vidole haina utelezi, nyepesi kama maji.

Fundi wa jirani amesema pampu ya mafuta imechanika ndani. Ni ile ya zamani yenye bakuli la kioo chini na kikono cha kupampu kwa mkono. Sasa naona njia nne. Kuna duka mjini wana pampu mpya, kopi, haina kioo wala kikono. Kuna ripea kiti, yaani seti ya vipuri vya kukarabati hii ya zamani, ambayo naweza kuagiza Nairobi. Kuna jamaa ana Land Rover bovu uani, anauza pampu yake. Na fundi wangu anashauri nifunge pampu ya umeme kule karibu na tangi, hii ya zamani ibaki mahali pake "kama njia ya mafuta tu".

Nataka kitu cha kudumu. Nawasilisha.

fundi_UngaLimited (Arusha)

Mkuu, kabla ya pampu: usiwashe hiyo injini tena. Mwaga oili yote, badilisha na filta. Dayaframu (ule utando ndani ya pampu) ikichanika, petroli inapita tundu la mkono wa pampu, ile wenzo inayosukumwa na injini, inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi za kranki, na mvuke wake ndani ya sampu unaweza kushika moto. Nimeshafungua injini iliyokufa hivyo, na mwenye gari alikuwa anahangaika na plagi mwezi mzima.

La pili, na hili nakuomba ulishike sana. Usifunge pampu ya umeme halafu ukaiacha ile iliyochanika kwenye laini. Pampu yako ya sasa inavujisha kidogo kidogo kila mkono unapopiga. Ukiweka ya umeme nyuma yake, hiyo itasukuma petroli moja kwa moja kwenye sampu muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata injini ikiwa imezima. Kama ni umeme, ya zamani itoke kabisa na tundu lake lizibwe kwa kipande cha bati nene na gasketi, vinginevyo oili itamwagika.

Niambie: ukitikisa mkono wa pampu kushoto kulia, unacheza?

Njiro_FJ (Arusha)

Mimi ni wa umeme na sijutii. Land Cruiser FJ40, injini ya 2F. Shida yangu haikuwa dayaframu, ilikuwa joto. Barabara ya Namanga saa nane mchana, ukisimama dakika kumi ukirudi haiwaki, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba juu ya injini na pampu inayoendeshwa na injini haiwezi kunyonya mvuke. Pampu ya umeme ukiifunga chini karibu na tangi inasukuma mafuta badala ya kuyavuta, na tatizo likaisha.

Ila fanya kazi kamili. Relei, fyuzi, na swichi inayosoma presha ya oili ili injini ikizima na pampu izime. Gari likipinduka pampu ikaendelea kumwaga petroli, hayo ni maafa. Na angalia namba. Zile ndogo za duara zinazouzwa sana zimeandikwa 4 hadi 7 psi (kipimo cha presha). Kabureta lako halitaki hizo. Utahitaji ya presha ndogo, au regyuleta kabla ya kabureta. Na usikubali kabisa pampu ya gari la injeksheni, hiyo inasukuma zaidi ya mara kumi ya unachohitaji.

BiTengeru (Tengeru)

Ndugu Kibosho109, pole. Mimi nina Volkswagen Beetle, kwa hiyo pampu yangu si sawa na yako, lakini nimepita njia ya kopi na nataka uijue.

Ya kwangu ilipochoka nilinunua mpya, inang'aa, imefungwa vizuri kwenye boksi. Siku ya kwanza gari liliwaka vizuri. Siku ya tatu petroli ikaanza kutoka juu ya kabureta na kudondokea kwenye injini ya moto. Mungu alinisaidia nilikuwa nimesimama Usa River na niliisikia harufu. Nikaazima geji ya presha, tukapima, presha ilikuwa karibu mara mbili ya inayotakiwa, sindano ya kabureta inashindwa kuzuia. Tulipunguza kwa kuongeza gasketi chini ya pampu mpaka fimbo inayoisukuma ikapunguza mwendo. Na kwenye Beetle kuna mtego mwingine: fimbo ya gari lenye dainamo ni milimita 108, ya lenye alteneta ni 100. Muuza spea hakuniuliza nina ipi.

Sisemi kopi zote ni mbaya. Nasema usiondoke dukani bila kujua utapima wapi.

fundi_UngaLimited (Arusha)

Dada BiTengeru amegusa penyewe, ngoja nieleze kwa nini, maana wengi wanadhani kamshafti (mhimili wenye nundu ndani ya injini) ndiyo inayosukuma petroli.

Kamshafti inavuta tu. Nundu yake inasukuma mkono, mkono unavuta dayaframu chini, petroli inaingia. Anayeisukuma petroli kwenda kwenye kabureta ni springi iliyo chini ya dayaframu. Bakuli la kabureta likijaa, sindano inaziba, springi inabaki imekandamizwa inasubiri, na mkono unapiga bure. Kwa hiyo presha ya pampu ni nguvu ya springi. Ukinunua pampu unanunua springi ya mtu mwingine. Kwa Land Rover ya petroli kitabu kinataka 1.5 hadi 2.5 psi. Ndogo sana! Pampu ya injini ya dizeli inafanana kwa umbo lakini springi yake ni kali zaidi, na wauzaji wanazichanganya. Chunga hapo.

Jambo jingine kwenye kopi ni mkono wenyewe. Uso unaogusa kamshafti lazima uwe chuma kilichokomazwa. Kikiwa laini kinalika, vumbi lake linaingia kwenye oili, na mwendo wa pampu unapungua. Weka ya zamani na mpya pamoja mezani, linganisha urefu na mkunjo wa mkono. Tofauti ya milimita mbili tu inatosha kukusumbua.

mtoto_wa_Pasua (Moshi)

Mtumba usinunue. Kama Land Rover limekaa uani miaka, dayaframu imekauka hiyo. Labda uchukue kwa ajili ya bodi na kioo.

DerevaMstaafu (Himo)

Vijana, hamjambo. Nimeendesha hizi gari miaka mingi, Same mpaka Loliondo, enzi ambazo gereji ilikuwa boksi la spana chini ya kiti.

Mwanangu wa Kibosho, pampu yenye kioo usiitupe. Kile kioo kinakuonyesha maji na uchafu kabla havijafika kwenye kabureta. Na kikono kile, gari likikaa wiki mbili, unapampu mara kumi kwa mkono, betri haisumbuki. Ukiona kikono hakina nguvu usidhani kimekufa. Nundu ya kamshafti imekibana. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena.

Ripea kiti fanya hivi. Kabla ya kufungua, piga alama kwa tupa kwenye kipande cha juu na cha chini vikiwa pamoja, ili urudishe vilevile. Toa skrubu. Dayaframu ya zamani ibonyeze na uizungushe robo mzunguko, itaachia kwenye kiungo. Mpya unaingiza hivyo hivyo, bonyeza, zungusha robo. Halafu hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukirudisha skrubu zishike kwa vidole tu, kisha usukume mkono wa pampu mpaka mwisho na uushikilie huko, ndipo ukaze kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili. Ukikaza mkono ukiwa umelala, dayaframu inabaki imevutwa, na safari ya kwanza ya mlima inachanika.

Kujaribu: ziba tundu la kuingizia kwa kidole, piga mkono mara mbili tatu. Kidole kishikwe na kibaki kimeshikwa kwa sekunde kadhaa. Kikiachiwa mara moja, valvu haifungi.

Kibosho109 (Moshi)

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, na wengine wote.

Nimefungua leo mezani. Dayaframu imepasuka karibu na washa (ringi ya chuma) ya katikati, ufa wa urefu wa kucha. Pini ya mkono inacheza kidogo sana, naisikia kwa vidole lakini siioni kwa macho. Uso wa mkono bado uko sawa, haujalika. Bodi haijapinda, nimeilaza juu ya kioo cha dirisha na msasa chini, imesuguka sawasawa pande zote.

Fundi, kwa kucheza huko kwa pini, bado inafaa?

fundi_UngaLimited (Arusha)

Inafaa. Ingekuwa inacheza mpaka mkono unagusa ukuta wa bodi ningekwambia acha. Agiza ripea kiti, omba yenye dayaframu na valvu zote mbili na gasketi ya bakuli. Ile gasketi ya kioo ikiwa ngumu pampu inanyonya hewa, halafu utanilaumu mimi.

Njiro_FJ (Arusha)

Kwa gari linalopanda Kibosho na majani, na bodi nzima, hata mimi ningefanya hivyo. Umeme ungenivutia kama ungekuwa na shida ya joto. Na mwaka 2024 kwenye lile tamasha la Land Rover hapa Arusha nilizunguka nikifungua boneti za watu, Series nyingi nilizoona bado zina pampu ya kioo.

Kibosho109 (Moshi)

Mrejesho wakuu. Ripea kiti ilifika kwa basi la Nairobi baada ya siku tano. Nimefunga kama mzee alivyoelekeza, binti yangu ndiye aliyeshikilia mkono wa pampu nikikaza. Jaribio la kidole: kilishikwa mpaka nikahesabu kumi na mbili. BiTengeru, nimeazima geji pia, inasoma 2 psi na haipandi.

Oili mpya, filta mpya. Nimepanda Kibosho mara tatu na mzigo uleule, haijakosa hata mara moja. Kopi ya dukani sikuinunua. Pampu ya yule jamaa nimeichukua kwa bei ya chuma chakavu, kwa ajili ya kioo chake.

DerevaMstaafu (Himo)

Marahaba mwanangu. Ukifika kilomita mia, kaza tena zile skrubu kidogo, dayaframu mpya hujikalia. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha, vuta kijiti unuse.

Kibosho109 (Moshi)

Nimekaza jana, mbili zilikuwa zimelegea. Kijiti kinanuka oili tupu.