Famasi mpya, DLDM au kununua famasi ya mtu: ipi inamfaa mmiliki asiye mfamasia?

Fremu_ya_Kona (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulinganishe kwa undani. Eneo ni Tanzania Bara, mji mdogo wa wilaya, fremu iko barabara kuu. Mmiliki ni mfanyabiashara, hana taaluma ya afya. Njia zilizopo mezani ni tatu:

1. Kufungua famasi ya rejareja.
2. Kufungua duka la dawa muhimu (DLDM).
3. Kununua famasi inayofanya kazi, mwenyewe anahama mkoa.

Mtaji tuuache kando kwanza. Sheria inataka nini kwa kila njia, na watu hukwama wapi? Wa Kenya na Zanzibar pia karibuni.

---

Mizani_ya_Shaba

Cha kwanza kujiuliza ni jina la nani litaandikwa kama msimamizi. Sheria ya Famasi, Sura 311, ya mwaka 2011, haimzuii mfanyabiashara kumiliki famasi. Inachotaka ni famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, aliyeikubali kazi hiyo kwa maandishi, na jina lake liwe kwenye faili la jengo hilo. Mmiliki analipa pango, mishahara na mzigo. Mfamasia ndiye anayejibu nini kimetoka kaunta, kwa nani, na kwa cheti cha daktari gani.

DLDM ni ngazi nyingine kabisa. Mpango ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya vijijini na pembezoni mwa miji ambako famasi hazifiki, ukaja kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi (zisizohitaji cheti cha daktari). Pale humhitaji mfamasia wa kukaa dukani. Unahitaji mtoa dawa mwenye msingi wa afya, wengi wakiwa wa upande wa uuguzi, aliyemaliza mafunzo ya watoa dawa wa DLDM na ana cheti chake. Koti jeupe na kitambulisho chenye picha ndivyo mkaguzi anavyoviangalia kabla hata hajasalimia. Mmiliki naye ana mafunzo yake.

Ukishachagua DLDM, unabanwa na orodha. Unauza dawa baridi, na dawa za cheti zilizotajwa tu, mfano amoxicillin, co-trimoxazole, metronidazole, doxycycline na ALu (dawa mseto ya malaria). Kisichokuwa kwenye orodha hakikai dukani, hata mteja akija na cheti cha daktari bingwa.

---

Kaunta_Tatu

Naongezea kwa Mizani. DLDM nyingi hazifi kwa kukosa wateja, zinakufa kwenye ukaguzi. Mji wa wilaya una hospitali, na vyeti vinavyotoka pale vina dawa nne au tano. Mbili kati ya hizo huna ruhusa nazo. Mwenye duka anaanza "kumsaidia mteja". Boksi moja la ceftriaxone chini ya kaunta, tramadol kwenye droo. Siku ya ukaguzi droo ndiyo inafunguliwa kwanza.

Tatizo la pili ni kuuza nusu dozi. ALu ya mtu mwenye kilo 35 na kuendelea ni vidonge 24: vidonge 4 kwa mkupuo, mikupuo 6 ndani ya siku 3. Amoxicillin ya 250 mg ikiandikwa 1x3 kwa siku 5 ni vidonge 15. Mkaguzi akikuta pakiti ya ALu imebaki vidonge 12, hahitaji maelezo yako: anajua kuna mtu ameondoka na nusu dozi. Mfundishe mtoa dawa kusema hapana, na wewe mmiliki usimkate mshahara kwa mauzo aliyoyakataa.

Na hili ni kwa njia zote tatu: kuchoma sindano na kutundika dripu si kazi ya famasi wala DLDM. Ukikutwa na kitanda nyuma ya pazia, umeshahamia kwenye sheria ya hospitali binafsi, Sura 151, na huna usajili wake.

---

Fremu_ya_Kona

Shukrani. Je, mfamasia akija mara moja kwa wiki kusaini vitabu, na fundi dawa sanifu (mwenye diploma ya famasi) akakaa dukani siku zote, inatosha? Wengi naona ndivyo wanavyofanya.

---

Mizani_ya_Shaba

Wengi wanafanya, ndiyo, na ndiyo inayofunga famasi nyingi. Hiyo inaitwa kukodisha cheti. Mfamasia analipwa kwa ajili ya jina lake ukutani, hajui kilichomo kwenye kabati. Kikitokea kitu, yeye yuko kwenye hatari ya usajili wake, na wewe ya kibali chako.

Fundi dawa sanifu ni mtaalamu halali na utamhitaji, ila anafanya kazi chini ya msimamizi. Hachukui nafasi yake.

Mkataba wa msimamizi ndio karatasi muhimu kuliko zote, lakini watu wanachukua nakala ya stationery wanasaini. Uweke haya:
- siku na saa za kuwepo, zinazolingana na saa za kufungua duka;
- oda zote za dawa zipite kwake na azisaini;
- haki ya kukataa kutoa dawa bila mmiliki kuingilia;
- nani anashika ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa;
- notisi ya kuondoka, walau miezi miwili au mitatu, na makabidhiano ya maandishi.

Hilo la notisi usiliruke. Msimamizi akiondoka, Baraza lazima lijulishwe, na famasi isiyo na msimamizi haina uhalali wa kuendelea kutoa dawa. Wenye notisi ya wiki moja hujikuta wamefunga shata wakitafuta mfamasia mwingine, huku pango linahesabu.

---

Ramani_Mkononi

Mnaongelea watu, jengo mmelisahau. Mpangilio unaookoa pesa ni huu:

Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN ya kodi. Tafuta fremu lakini USILIPE pango la mwaka. Omba ukaguzi wa awali wa eneo kupitia ofisi ya mfamasia wa halmashauri. Wataangalia umbali kutoka maduka mengine ya dawa, ukubwa wa chumba na kilichopo jirani. Fremu nzuri kabisa inaweza kukataliwa kwa sababu ya umbali tu, na hapo mafundi wakiwa wameshapiga shelfu umekula hasara. Eneo likikubaliwa ndipo unatengeneza, unaitisha ukaguzi wa mwisho, unapata cheti cha usajili wa jengo na kibali cha biashara ya dawa, kisha unaenda halmashauri kwa leseni ya biashara. Ukianza na leseni ya biashara unazunguka bure.

Ndani ya chumba: sakafu na kuta zinazooshika, dari (bati tupu haifai, joto la mchana linaua dawa), sinki lenye maji, stoo iliyotengana na kaunta, kabati la kufuli. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25. Feni haishushi nyuzi, inazungusha joto lile lile. Friji ni ya nyuzi 2 hadi 8, na kipimajoto kiwe ndani, karatasi ya kumbukumbu mlangoni, ijazwe asubuhi na mchana. Karatasi iliyojazwa 5, 5, 5, 5 mwezi mzima kwa kalamu moja haimdanganyi mtu. Na soda za wafanyakazi zitafutiwe friji yao.

---

Mombasa_Raha

Huku Kenya sheria ni Pharmacy and Poisons Act, Cap 244, na msimamizi wa yote ni Pharmacy and Poisons Board. Tofauti kubwa na ninyi iko kwa umiliki. Mtu binafsi asiye na taaluma hawezi kufungua kemisti kwa jina lake. Kampuni inaweza, mradi shughuli za dawa ziwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa ambaye hasimamii kampuni nyingine kwa wakati huo huo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa huku huanza na kusajili kampuni na kutafuta msimamizi.

DLDM hatuna. Ngazi ya chini ya mfamasia ni yule wa diploma, pharmtech, ambaye ana uandikishaji wake katika Board. Leseni zetu zinaisha 31 Desemba, kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo pilkapilka.

---

Darajani_Kwetu

Zanzibar kibali cha Bara hakifai kitu. Huku ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, chini ya Sheria Na. 2 ya 2006. Mwenye famasi Dar akitaka tawi Unguja anaanza faili jipya, hata kama mfamasia na mmiliki ni wale wale.

---

Daftari_la_Mzigo

Nirudi kwenye njia ya tatu maana hakuna aliyeigusa, na ndiyo yenye mitego mingi.

Unaponunua famasi ya mtu, unachonunua ni shelfu, mzigo, na wateja waliozoea kona ile. Kibali hununui. Kimetolewa kwa mmiliki fulani, kwa jengo fulani, chini ya msimamizi fulani. Mmiliki akibadilika lazima maombi yapelekwe Baraza. Kuendesha kwa kibali cha aliyeuza, eti "kikiisha tutabadilisha", ni kuendesha bila kibali.

Kabla ya kulipa, funga duka siku nzima mhesabu mzigo, wewe, muuzaji na mfamasia wako. Andika kila boksi: jina, nguvu, namba ya bechi, tarehe ya kuisha, idadi. Kisha ugawe mafungu matatu. Zinazoisha ndani ya miezi mitatu usizilipie. Za miezi mitatu hadi sita lipia nusu, ukiona zinatoka. Zilizobaki lipia bei ya ankara, siyo bei ya rejareja. Wauzaji wengi hupiga hesabu kwa bei ya shelfu na mnunuzi anakubali.

Halafu chukua maboksi kumi bila kuchagua na uombe ankara zake. Namba ya bechi kwenye boksi iwe ile ile ya kwenye ankara, na ankara iwe ya muuzaji wa jumla mwenye kibali. Boksi lisilo na ankara huna namna ya kulitetea. Angalia pia namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) inayoanza na TAN. Ukiona kidonge au boksi lina alama ya GOT, acha mazungumzo hapo hapo: hiyo ni dawa ya serikali, na haina maelezo yanayokubalika kwenye duka binafsi.

Daftari la dawa zinazodhibitiwa, kama diazepam, lihesabiwe dhidi ya kabati. Salio la daftari 40, kabatini 38? Usipokee mpaka muuzaji na msimamizi wake wamalize hilo jambo kwa maandishi, maana ukisaini, upungufu umekuwa wako.

---

Kaunta_Tatu

Na zile zilizoisha muda, asizitupe jalalani wala chooni ili "kusafisha" duka kabla ya kuuza. Zitengwe kwenye boksi lenye maandishi makubwa, ziorodheshwe, aombe TMDA wasimamie uteketezaji. Ile hati ya uteketezaji anaihitaji pia kwa mahesabu ya kodi.

---

Mizani_ya_Shaba

Kwa hali uliyoeleza, mkuu, mji wenye hospitali na fremu barabara kuu, DLDM itakubana. Ukipata mfamasia wa kukaa kweli, fungua famasi mpya. Usipompata, chukua DLDM nje ya mji na uheshimu orodha. Njia ya tatu ningeichukua tu kama msimamizi wa sasa anakubali kubaki na daftari lake linalingana na kabati.

---

Fremu_ya_Kona

Swali la mwisho: nikikamilisha kila kitu mwezi wa tano, nianze mara moja?

---

Ramani_Mkononi

Kibali kinaisha 30 Juni bila kujali kimetolewa lini. Ukikichukua Mei utalipia tena baada ya wiki chache. Tumia Mei na Juni kumalizia dari, friji na mkataba wa mfamasia, ingia na mwaka mpya Julai. Mzigo uagize baada ya kibali kutoka, maana muuzaji wa jumla makini atataka kukiona kabla ya kukuuzia.