Mjadala: Chipsi na soda getini mwa shule, Dar na Iringa wawekewe sheria moja?

Wadau, juzi kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu hapa Dar, mama mmoja alipendekeza vibanda vya chipsi na soda vilivyopo getini viondolewe. Baba mmoja akamjibu: "Watoto wa nchi hii wamedumaa, nyie mnahangaika na vibonge wa mjini!" Wengi wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hoja yake ina uzito. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kitaifa ni 30. Na Septemba 2025 UNICEF ilipotangaza kwamba duniani watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri (asilimia 9.4) wamewapita wenye uzito pungufu (9.2), ilisema Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko.

Lakini huo ni wastani. Mwanangu yuko darasa la tano. Basi linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi jioni. Uwanja waliokuwa wakichezea umejengwa madarasa. Elfu moja ninayompa inaishia kwenye chipsi na soda. Binamu yake wa Kilolo, mkoani Iringa, anayelingana naye umri, anakwenda shule kwa miguu, anakula ugali na mboga za majani, jioni anachota maji. Desemba niliwasimamisha pamoja: wa kwangu vifungo vya shati vimekaza, mwenzake anamfika begani. Ndugu wakamsifia wa kwangu, "huyu kanawiri".

Mimi nilichoona ni watoto wawili waliokosa vitu vilevile: maharage, dagaa, yai, tunda. Na Iringa ni mkoa wa mahindi tele! Kushiba siyo lishe, kule wala huku.

Kwa hiyo msimamo wangu: mijini vibanda hivyo viondoke getini, au wauzaji wageukie karanga, ndizi na mahindi ya kuchemsha, na sisi wazazi tuwaungishe ili wasikose riziki. Vijijini nguvu iende kwenye chakula cha mchana shuleni, chenye maharage, siyo uji mtupu.

Mnaopinga, hasa mlioko mikoani: shuleni kwenu watoto wanakula nini saa nne?