Mrejesho: usaili wa kiongozi wa timu dukani

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu usaili wa kiongozi wa timu katika supamaketi ninakofanya kazi ya keshia hapa Mwanza, nikihofia hasa swali la kuwasimamia wenzangu niliozoeana nao. Swali lilikuja kwa sura nyingine: nitafanya nini droo ya rafiki yangu ikipungua shilingi 20,000 wakati wa kufunga hesabu? Nilijibu kwamba ningehesabu upya mbele yake, nikalinganisha risiti na miamala ya simu, kisha nikamwandikia meneja taarifa hata kama fedha zingerudishwa papo hapo.

Mfano wangu wa kupanga mbele ya rafu mtindi unaokaribia kuisha muda, na kuongeza sukari mapema kabla ya wateja wanaowahi meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, hawajafika, uliwavutia kuliko nilivyotarajia. Kwenye malengo ya mauzo nilikwama, kwani sikuwa nimepitia takwimu za idara yangu.

Nimepewa nafasi hiyo kwa majaribio ya miezi 3. Aliyenionya nisimseme vibaya kiongozi aliyetangulia, ninamshukuru sana: kiongozi huyo alikuwa miongoni mwa wasaili.